Mitupo 7 ya Purdue: Kazi ya Wachezaji Wasiopiga Tatu

Katika mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, mchezaji asiyeweza kupiga tatu, yaani kufunga mitupo ya mbali yenye thamani ya pointi tatu, amekuwa kama mtu wa kuombewa msamaha. Hoja ya wanaomtilia shaka ina uzito. Mlinzi wake humwacha peke yake, akarudi kuziba njia chini ya ringi, na wenzake wanne wakajikuta wanashambulia walinzi watano. Timu ya chuo cha Villanova ya mwaka 2018 ndiyo mfano unaotajwa zaidi: katika nusu fainali dhidi ya Kansas ilifunga mitupo 18 ya pointi tatu, kisha ikatwaa ubingwa. Kocha aliyeona usiku ule hawezi kulaumiwa akitaka wadunguaji, yaani wapiga tatu hodari, watano uwanjani.

Hata hivyo, naona hesabu hiyo hupima upande mmoja tu wa uwanja. Fainali ya ubingwa wa vyuo ya Aprili 2024 kati ya UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) na chuo cha Purdue yafaa kutazamwa kwa karibu. Purdue ilikuwa miongoni mwa timu zenye shabaha bora nchini, ikifunga takriban asilimia 40 ya mitupo yake ya mbali msimu mzima. Usiku wa fainali ilifunga 1 kati ya 7, na wengi walishika ile 1. Mimi nashika ile 7. Timu inaweza kukosa kwa sababu mkono umepoa, na hilo halina mwenyewe, lakini timu ya wapiga tatu ikirusha mara 7 tu kwa dakika 40, kuna watu waliofanya kazi ya kuinyima nafasi. UConn ilimwachia Donovan Clingan amkabe Zach Edey wa Purdue, mwenye urefu wa mita 2.24, karibu peke yake, huku walinzi wa nje wakikataa kuwaacha wadunguaji ili kwenda kumsaidia. Edey alifunga pointi 37. Purdue ikafungwa 75 kwa 60.

Mpango kama huo hauwezekani bila miguu. Mlinzi wa nje lazima apite kwenye vizuizi, yaani wapinzani wanaosimama njiani mwake, kimoja baada ya kingine, bila kumpoteza mtu wake hata kwa hatua moja, kwa kuwa mdunguaji wa kweli hahitaji zaidi ya hiyo. Tena mtupo ambao haukurushwa hauingii katika asilimia ya mtu yeyote, na ndiyo maana aliyeuzuia huonekana hana takwimu.

Stephon Castle alikuwa mmoja wa walinzi hao wa UConn. Msimu ule alifunga chini ya asilimia 27 ya mitupo yake ya mbali, na wapinzani walimwacha wazi makusudi. Alijibu kwa kukata kuelekea ringi na kugombea ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, na katika nusu fainali dhidi ya Alabama akafunga pointi 21.

Sidai kwamba wachezaji wa aina yake wajazwe kikosini. Castle na Clingan, ambaye naye hakuwa mpiga tatu, waliweza kucheza pamoja kwa sababu pembeni yao walikuwapo Cam Spencer, aliyefunga asilimia 44 kutoka mbali, Alex Karaban na Tristen Newton. Ukimwondoa mmoja wa hao watatu na kumweka mkimbiaji mwingine asiyeaminika kwa mbali, nafasi ya kukata inakufa, na Castle huyohuyo anageuka mzigo. Wawili kati ya watano, basi, na wote wawili wawe na kazi ya kufanya wasipokuwa na mpira.

Soko la NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, lilikuwa na mizani yake. Juni 2024, timu za ligi hiyo zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, San Antonio ilimchagua Castle katika nafasi ya 4. Spencer alisubiri hadi ya 53. Umri ulichangia, kwa kuwa Spencer alikuwa amekwisha kucheza miaka mingi chuoni, lakini hautoshi kueleza pengo la nafasi 49.