Midomo Mia Mbili na Chupa ya Rangi ya Kucha

Kigae cha chungu hakiandikwi namba hivi hivi. Ukipitisha kalamu juu ya udongo uliochomwa, udongo unanyonya wino, na mwakani namba yako haisomeki. Kwanza unapaka kidoa cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi. Ikikauka unaandika namba kwa kalamu yenye ncha nyembamba, halafu unapaka tena juu yake. Ukikosea, unafuta kwa dawa ya kuondoa rangi ya kucha na kuanza upya. Makumbusho yenye pesa yana gundi zake maalumu. Sisi wachimbaji wa mambo ya kale pale Dufile tulitegemea duka la vipodozi la mji wa Moyo.

Dufile ni ile ngome ya zamani kando ya Nile, kaskazini kabisa mwa Uganda. Wanajeshi wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Equatoria kwa niaba ya Misri, walikaa pale na wake zao, watoto, watumishi na ng'ombe, kwa hiyo ilikuwa mji kuliko kambi. Meli za mvuke ziliunganishwa pale pale, kwa sababu chini kidogo, upande wa Nimule, mto una maporomoko na meli haiwezi kupanda. Novemba 1888 wafuasi wa Mahdi wa Sudan waliishambulia, na mwanzoni mwa 1889 ikaachwa. Baadaye Wabelgiji nao wakaja kukaa, wakaondoka 1907. Watu wakihama hivyo hawabebi vyungu vilivyovunjika. Ndivyo tulivyokuwa tunachimba: vigae, mifupa, vioo vya chupa, maganda ya risasi, shanga. Yaani takataka za jikoni na za uani. Mtu akija kuuliza kama tumepata dhahabu, tunamwonyesha ndoo ya mifupa ya mbuzi naye anaaga mapema.

Kazi yangu ilikuwa kuosha, kuandika namba na kujaza daftari. Ijumaa moja mkuu wetu, mwalimu wa chuo, akanituma mjini kununua rangi ya kucha na dawa ya kuiondoa. Muuza duka akaniuliza, "Haji, ni ya mama watoto?" Nikasema hapana, ni ya kazi. Akanitazama kutoka viatu hadi kofia, akafunga chupa kwenye gazeti, kama anayesitiri aibu ya mteja.

Nikapitia nyumbani kulala, niende kambini asubuhi. Nikaingia kuoga. Niliporudi, mama watoto ameketi kitandani. Chupa iko kulia, daftari kushoto, taa katikati.

"Baba watoto," akasema kwa upole ule wa kuogopwa, "nisomee hapa."

Nikasoma, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu.

"Mdomo: umebinuka nje, mzima. Shingo: fupi, laini. Bega: limepambwa vizuri. Tumbo: halijapatikana."

"Halijapatikana," akarudia. "Na wewe bado unalitafuta?"

"Mama watoto, ni vyungu."

Akafungua ukurasa mwingine, akasoma mwenyewe. "Mdomo mnene kuliko wa jana. Kitako kipana, kimeungua kidogo. Nimeosha kwa mswaki, nimeanika kivulini." Akameza mate. "Shanga nne, nyekundu, zenye moyo mweupe. Zilikuwa chini kabisa." Akafunga daftari. "Siku hizi vyungu vinavaa shanga?"

Sasa eleza, usiku ule, kwamba kuna shanga za kioo za biashara ambazo nje ni nyekundu na ndani nyeupe, na kwamba wachimbaji duniani kote wanasema zina moyo mweupe. Nilieleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu aliyejiandaa.

Asubuhi alikwenda kwa mama yake, daftari likiwa mkobani. Jumapili nikaitwa barazani.

Wakwe zangu ni Wanubi, wazao wa wanajeshi wale wale wa Emin Pasha, na baraza la Wanubi halikosi chai na gurusa, mkate wao, kwa hiyo mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, naye alikuwepo ingawa sikusikia mtu akimwita. Mjomba wa mke wangu aliongoza. Shemeji yangu, kijana wa sekondari mwenye sauti ya mtangazaji, akapewa daftari asome mbele ya wazee. Alisoma kwa kituo. Alipofika "mdomo, kipenyo sentimita 24" mzee mmoja aliweka kikombe chini na kusema, "Subhanallah, huyo ni mtu au kiboko?"

Hapo ndipo mkuu wetu alipoingia na pikipiki. Nilikuwa nimempigia simu, naye akasaini kwenye kitabu cha kambi kutoa boksi moja la vigae, jambo ambalo kwa kawaida hafanyi hata kwa mgeni mkubwa. Akatandika karatasi yenye miduara mezani, akaweka kigae cha ukingo kwenye mstari unaolingana nacho, akawaonyesha namna duara linavyotaja upana wa chungu kizima. Chungu kimoja, akasema, kinavunjika vipande hamsini, na vya tumbo vyote vinafanana. Midomo ndiyo inayosema kilikuwa chungu gani. Kwa hiyo tunahesabu midomo.

Mjomba akakunja uso. "Kwa hiyo mnachimba jaa la babu zetu?"

"Ndiyo, mzee."

"Babu yangu alichukuliwa na Lugard, yule kapteni Mwingereza, kule Kavalli kando ya Ziwa Albert, 1891, akiwa tayari amepita Dufile. Kama kuna kitu chake humo, mngeuliza kwanza."

Hilo lilikuwa neno la haki, na mkuu wetu aliinamisha kichwa. Lakini nyanya wa mke wangu, hajati ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa Mmadi, kabila la huko Moyo, hakuwa na habari na Lugard. Alikuwa amekwisha kuchukua kigae boksini bila kuomba ruhusa. Akapitisha kidole gumba juu ya vijimistari vya mapambo, akarudia, akacheka peke yake. Akang'oa majani mawili matatu pembeni ya baraza, akayasokota mapajani hadi yakawa kamba fupi yenye mafundo, akaagiza donge la unga wa chapati kutoka jikoni. Akaiviringisha kamba juu ya unga kwa kiganja. Alipoinua mkono, mapambo ya Dufile yalikuwa pale kwenye chapati, mstari kwa mstari.

Mwenyekiti wa LC1 alipiga makofi. Mkuu wetu alipiga picha.

"Na hiki," hajati akaniambia akitikisa kigae, "umeandika cha kupikia. Masizi yako wapi? Hiki ni cha maji, bwana harusi. Rekebisha."

Nikarekebisha mbele ya baraza zima, na kesi ikaisha hivyo. Mke wangu hakuomba radhi, wala sikuidai; alinimiminia chai, na mkono ulioshika birika ulikuwa na kucha zinazong'aa. Za dada zake pia ziling'aa. Chupa ilikuwa tupu. Kumbe tangu Jumamosi walikuwa wakikagua ushahidi.

Ikabidi ninunue nyingine, na risiti mbili zikaenda Kampala. Wiki iliyofuata simu yangu ikalia usiku. Alikuwa mhasibu wa mradi, mwanamke mwenye sauti nyororo, akiuliza kwa nini wachimbaji wanaume wanahitaji chupa mbili za rangi ya kucha kwa mwezi. Swali lake nililijua baadaye, kwa sababu simu ilipokelewa na mama watoto.

"Si ya kucha, dada," nilimsikia akisema, mkavu kabisa. "Ni ya midomo. Mume wangu ana midomo zaidi ya mia mbili kwenye maboksi, na tumbo bado wanatafuta."

Risiti zilipitishwa bila swali jingine.