Maili Moja Inatosha Kukuumbua

Nina medali saba zimening'inia nyuma ya mlango wa chumba. Kila mlango ukifungwa zinalia kama kengele za mbuzi, na mke wangu ameshaniuliza mara mbili kama haziwezi kuhamia stoo. Kwa sababu ya medali hizo nilijiita mkimbiaji kwa miaka minne. Kisha mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, kijana wa miaka kama ishirini na saba hivi, akaniuliza, "Mzee, maili unaikimbia kwa dakika ngapi?"

Nikamjibu kwamba mimi nakimbia kilomita 21.

"Hizo nimesikia. Maili je?"

Nikabaki nakuna kichwa.

Jumamosi alfajiri ukipita barabara za Dar es Salaam utatuona. Fulana za rangi moja, mmoja anaimbisha, wengine tunaitikia, bodaboda nao wanapiga honi. Mimi ni mwanachama wa klabu ya jogingi na sitoki. Jogingi imetutoa vitandani, imechangia harusi zetu, imetuzikia wazazi, na tukimaliza kilomita tano kuna supu na chapati. (Chapati tatu, tusidanganyane.) Lakini mazoezi ya kuimba yana kasoro moja: mwendo unapangwa na wimbo. Kama una pumzi ya kuitikia, basi moyo haujaguswa sana, na unaweza kwenda hivyo miaka kumi ukabaki palepale ulipoanzia, umri tu ndio unasogea.

Halafu kuna mbio za hisani, siku hizi haupiti mwezi bila kusikia za mtu. Unalipa, unapewa fulana na namba, unamaliza, unavishwa medali. Aliyemaliza kwa saa moja na nusu na aliyetembea saa tatu huku akila chungwa wanavaa medali ileile. Mimi nimekuwa huyo wa chungwa, kwa hiyo simsemi mtu. Ila medali haikwambii kama mwaka huu una afya kuliko mwaka jana. Maili inakwambia, na inakwambia mbele ya watu.

Eti tumeingia enzi ya kilomita, maili ya nini? Maili bado tunaishi nayo. Abiria wa barabara ya Morogoro anaijua Maili Moja ya Kibaha, Moshi wana Maili Sita, Dodoma wana Maili Mbili. Hata wakubwa wa riadha duniani walipofuta rekodi za umbali wa Kiingereza mwaka 1976, maili peke yake waliiacha. Na kwetu ina mwenyewe. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, tarehe 17 Mei 1975 mjini Kingston, Jamaika, aliikimbia kwa dakika 3 na sekunde 51.0, akaipunguza rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Haikufika miezi mitatu John Walker wa New Zealand akaichukua, lakini ilikuwa yetu. Mwaka mmoja kabla, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, Bayi alikuwa ameshamburuta Walker huyohuyo kwenye mita 1500: aliongoza tangu bastola ilipolia, hakumwachia mtu, akamaliza kwa 3:32.2, rekodi ya dunia. Muda ule ulibaki kuwa rekodi ya michezo hiyo hadi 2022. Miaka 48! Watoto wa shule wanajua nani amesajiliwa Yanga juzi, hili hawalijui.

Utasema Bayi alikuwa Bayi. Sawa, chukua Roger Bannister, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika nne, Oxford, tarehe 6 Mei 1954, kwa 3:59.4. Alikuwa anasomea udaktari, mazoezi anayaiba kwenye muda wa chakula cha mchana, halafu anarudi kazini. Zoezi lake kubwa na wenzake lilikuwa vipande kumi vya robo maili na mapumziko mafupi katikati. Hapo ndipo mtu mwenye ajira na foleni ya Mwenge anapoweza kuanza kusikiliza.

Basi tukaenda uwanjani na mwalimu. Ni uwanja wa nyasi, mizunguko imechorwa kwa chokaa kwa ajili ya UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, ikinyesha mvua unachorwa upya. Mizunguko minne ya mita 400 haitoshi maili, inapungua mita tisa na kitu, kwa hiyo mwalimu alichukua futi kamba, akapima, akachomeka kijiti nyuma ya mstari. Nikamwonyesha saa janja yangu. Akaitazama kwa huruma, akatoa ile yake ya kubonyeza inayoning'inia shingoni.

Mzunguko wa kwanza nilikimbia kama Bayi: dakika 1 na sekunde 40. Mizunguko mitatu iliyobaki nikakimbia kama mimi. 2:05. 2:25. 2:28, na huo wa mwisho nilishika ubavu kwa kichomi, mate yamekuwa gundi, huku watoto wa darasa la nne waliokuja kufagia wakinishangilia kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Jumla, pamoja na zile mita tisa za kijiti, dakika 8 na sekunde 41. Mtu mwenye medali saba.

Kosa langu lilikuwa kudhani maili ni mbio za nguvu. Zaidi ya robo tatu ya kazi ya maili inafanywa kwa hewa, moyo kusukuma na mapafu kuvuta, na hiyo haijengwi kwa kukurupuka. Kwa hiyo mwalimu alinipa ratiba ambayo mwanzoni niliona ya kizembe. Siku mbili kukimbia polepole mno, mwendo wa kuweza kuongea na jirani. Alhamisi dakika ishirini za mwendo wa kati, ule wa kujibu kwa neno moja moja. Na Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, vipande.

Vipande ndivyo vimenibadilisha, kwa hiyo niviseme vizuri. Mita 400 mara sita, katikati unatembea mita 200. Jambo pekee analolitaka mwalimu ni kwamba kipande cha sita kifanane na cha kwanza. Inasikika rahisi. Wiki ya kwanza ya vipande nilianza kwa 1:38 kwa kiburi, cha nne nikatapika chai, cha tano sikukimaliza. Yeye anaandika tu kwenye kaunta buku, hasemi kitu. Ilinichukua karibu miezi miwili kuelewa kwamba ananifundisha kujizuia. Siku nilipopata 1:46, 1:46, 1:45, 1:46, 1:46, 1:44, alipiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu kama mtihani.

Mwili nao ukaanza kusema. Nikiamka asubuhi mapigo ya moyo yalikuwa 78 kwa dakika, yakashuka hadi 61. Ngazi za ofisini, ghorofa nne, nikazisahau kama ni ngazi. Baada ya mwaka na miezi kadhaa nikaikimbia maili kwa 6:54. Raba nilizovaa ni za mtumba wa Karume, na kiingilio kilikuwa salamu kwa mlinzi wa geti.

Wenzangu wa klabu wana majibu yao. Mmoja anasema sisi tunatafuta afya, si rekodi. Namuuliza, hiyo afya unaipimaje? Kwa mizani tu? Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima apate angalau dakika 75 za mazoezi makali kwa wiki, au 150 za wastani. Wengi wetu tunazitimiza za wastani na kuziita kali. Mwingine ana hoja nzito zaidi: watu wa umri wetu, presha, sukari, utamwambiaje akimbie kwa nguvu? Hapo nakubali. Apime kwanza, daktari aseme, aanze kwa kutembea. Hata mimi sikuruhusiwa kugusa vipande kabla ya wiki sita za polepole. Lakini ni huyuhuyu mwenye presha tunayemsajili kilomita 21 kwa sababu kitengo kizima kimelipiwa na ofisi, na hakuna aliyemuuliza kitu zaidi ya saizi ya fulana.

Ombi langu kwa klabu ni dogo. Jumamosi moja kila miezi mitatu, kabla ya supu, tukimbie maili, kila mtu na muda wake uandikwe. Nimelitoa mara mbili kwenye kikao. Mara ya kwanza walicheka, mara ya pili mweka hazina aliuliza kama kutakuwa na medali.

Mwezi Februari nilijaribu kushuka chini ya 6:50. Joto la Dar la Februari unalijua, saa kumi na mbili na nusu fulana tayari imelowa. Nikapata 6:58. Nilikuwa nimeshapanga hotuba yangu kuhusu hali ya hewa, lakini mwalimu akanigeuzia kaunta buku nisome mwenyewe: 1:43, 1:44, 1:51, 1:38, na sekunde mbili za kile kijiti.

"Wa tatu umelala, mzee. Halafu wa mwisho umeukimbia kwa sekunde 98. Hiyo nguvu ulikuwa umeificha wapi?"

Nikasema sijui.

"Jumanne njoo mapema. Tunaanza vipande vya mita 600."