Vidonge vya "mafua tu"

Shangazi yangu wa Tanga ana kimkoba cha zipu anachokiita bohari. Humo mna dawa zake zote: za presha, za magoti, na nyingine ambazo hata mwenyewe hakumbuki alipewa lini na nani. Mwezi wa saba mwaka jana, kusi likivuma na kila nyumba inapiga chafya, nilikwenda kumjulia hali. Nikamkuta kibarazani, kajitanda khanga, analalamika moyo unamwenda mbio na kichwa kinamgonga. Nikampima. Presha 168 kwa 98, mapigo 104 kwa dakika. Kwa mtu ambaye siku zote hukaa kwenye 130 na kitu, tena asiyeruka dozi, nilijua kuna jambo.

"Shangazi, umekunywa dawa gani nyingine?"

"Sijanywa dawa yoyote."

Nikaomba bohari. Nikatoa vidonge vya mafua vya aina mbili, kila aina kutoka duka lake. Vya kwanza vimebaki vinne, vya pili karatasi nzima imekwisha.

"Aa, hivyo si dawa, mwanangu. Hivyo ni vya mafua tu."

Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka tisa sasa, na hiyo "tu" naisikia kila siku. Sisi wauzaji nasi tunayo. Mtu akitaka antibayotiki tunamuuliza cheti. Akitaka ya mafua tunamuuliza kama ana chenji. Naona hapo tunakosea, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kosa hilohilo tunaligeuza kichwa chini miguu juu mahali pengine. Nitafika huko.

Aina zote mbili zilikuwa na sudoefedrini. Hii ni ya ukoo wa adrenalini, ile inayotoka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo na kukupandisha moyo bodaboda inapokukosakosa. Pua ikiziba tunadhani imejaa makamasi, kumbe sehemu kubwa ni utando wa ndani uliovimba kwa sababu mishipa yake ya damu imetanuka. Sudoefedrini huifanya miisho ya neva imwage noradrenalini, kemikali nduguye adrenalini, mishipa inabana, utando unanywea, mtu anapumua. Ila kidonge ukishakimeza hakichagui pua. Kinabana na mishipa ya miguuni, ya tumboni, ya figo, na moyo nao unachochewa upige kwa nguvu zaidi. Aliyewahi kumwagilia bustani anajua mpira wa maji ukiuminya unavyokuwa mgumu mkononi. Kwenye vijishipa vyembamba vya mwili hesabu yake ni kali kuliko tunavyodhani: upana ukipungua kwa nusu, ugumu wa damu kupita unaongezeka mara 16. Kwa hiyo hata mbano kidogo sana unasomeka kwenye mashine ya presha.

Wenzangu huniambia nakuza mambo, na wana hoja. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba sudoefedrini hupandisha presha ya juu kwa milimita 1 hivi ya zebaki kwa wastani, na mapigo kwa kama 3 kwa dakika. Ni kidogo, sikatai. Lakini wastani ni wa kundi, mimi namuuzia mtu mmoja mmoja, na huyu wa kwangu alikuwa anakunywa dozi mbili kwa mpigo bila kujua kwamba majina mawili kwenye maboksi ni dawa ileile. Tena tumeshaona ukoo huu ukifika mbali. Fenilpropanolamini, nduguye wa karibu, ilikuwa kwenye dawa za mafua na za kupunguza unene huko Marekani mpaka mwaka 2000, ilipoondolewa sokoni baada ya kuhusishwa na kuvuja damu kwenye ubongo, hasa kwa wanawake waliokuwa wakiitumia kukata hamu ya kula.

Nguvu ya vitu hivi kwenye mishipa haikuwa siri hata siku ya kwanza. Inasimuliwa kwamba daktari mmoja Mwingereza, George Oliver, alikwenda London katika miaka ya 1890 na kichupa cha maji ya tezi za adrenali mfukoni, akamwomba Profesa Schäfer amchome nayo mbwa aliyekuwa akimpima presha. Schäfer hakuamini, akakubali kwa kumridhisha mgeni. Zebaki ikapanda kwenye kipimo mpaka karibu imwagike. Ndiyo utangulizi wa dawa hizi: zilianza kwa karibu kumwaga zebaki ya kipimo, leo tunaziuza pamoja na pipi za kifua.

Kilichokuja kuelezea mambo ni kazi ya Raymond Ahlquist, mtaalamu wa dawa, mwaka 1948, kule Georgia, Marekani, aliposema mwili una vipokezi, yaani sehemu ambazo dawa hushika ndipo ifanye kazi, vya namna mbili kwa dawa hizi, akaviita alfa na beta. Kwa ufupi wa kaunta: alfa hubana mishipa, beta huchapuza moyo, na ipo beta nyingine inayolegeza njia za hewa na mishipa ya misuli. Ukishika hilo, vitu vingi vinanyooka. Salbutamoli ya pumu inafungua kifua lakini mikono inatetemeka na moyo unadunda. Propranololi, dawa ya moyo, inazuia beta zote, hivyo inapoza moyo, na hiyohiyo inaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Ninachokipenda zaidi ni fenilefrini ya sindano, ndugu mwingine wa ukoo huu. Mama anapochomwa ganzi ya mgongo kwa ajili ya upasuaji wa kujifungua, mishipa hulegea na presha inaanguka. Mtu wa ganzi anasukuma fenilefrini, mishipa inabana, presha inarudi, na moyo, badala ya kukimbia, unapunguza mwendo. Kuna vipimio shingoni vinavyohisi presha imepanda, vinauambia moyo utulie. Anayedhani kila kinachopandisha presha lazima kikimbize moyo, akae chumba hicho nusu saa.

Na fenilefrini hiyohiyo ukiitia kwenye kidonge? Mwezi wa tisa 2023, jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilikubaliana kwa kauli moja kwamba ikimezwa, kwa dozi zinazouzwa, haizibui pua. Nyingi inavunjwavunjwa tumboni na kwenye ini kabla haijafika popote. Watu wameinunua miaka na miaka. Mimi mwenyewe nimeiuza, na kuisifia.

Sasa ule upande wa pili. Niliwahi kuwepo kwenye zahanati moja alipoletwa kijana aliyeumwa na nyuki. Midomo imevimba, ngozi imejaa mabaka, anahema kwa sauti, presha haisomeki vizuri. Mhudumu akashika ampuli ya adrenalini, akaitazama, akairudisha kwenye trei. "Moyo wake hautahimili." Akachoma haidrokotisoni, ambayo huchukua saa kadhaa kufanya kazi, akasubiri. Kijana aliokolewa na nesi mkuu aliyeingia akitokea kwenye chai, akaichukua ile ampuli bila kuuliza mtu na kumchoma nusu miligramu kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Dakika chache tu akaanza kupumua kama binadamu.

Moyo wa kijana yule ulikuwa unashindwa tayari, kwa sababu mishipa ilikuwa imefunguka mwili mzima na damu hairudi. Adrenalini ndiyo pekee pale chumbani yenye uwezo wa kuibana, kuusukuma moyo na kufungua kifua kwa wakati mmoja. Hofu ya mhudumu ina asili yake: adrenalini ikisukumwa kwa haraka kwenye mshipa, kwa dozi isiyopimwa, inaweza kuvuruga mapigo vibaya. Kwenye paja ni habari nyingine kabisa. Basi tuko hivi: yenye jina kubwa tunaikimbia penye mtu anayekufa, na ndugu zake wenye maboksi ya rangi rangi tunampa mgonjwa wa presha bila hata kumtazama usoni. Swali "una presha, mama?" halimalizi sekunde tatu. Nimelipima.

Shangazi aliacha vile vidonge siku ileile. Siku ya nne alikuwa 136 kwa 84, na bohari imepungua nusu. Juzi kanipigia akiwa duka la dawa la mtaani kwake, sauti ya juu, spika imefunguliwa.

"Huyu kijana anasema hii haina kile kinachobana mishipa. Nimemwambia akusomee boksi."

Kijana akasoma, kwa unyonge. Fenilefrini ilikuwa ya pili kwenye orodha. Nikamwambia shangazi aiache, anunue maji ya chumvi ya kusafishia pua, achemshe na tangawizi.

"Tangawizi nimeshachemsha toka asubuhi," akanijibu. "Nilitaka kujua tu kama huwa wanasoma."