Rekodi ya kindege cha gramu moja: ibaki juu au ifunguliwe ukurasa mpya?

Mwaka 1997 Mmarekani Steve Brown alirusha ndani ya jengo kindege kinachoendeshwa na ukanda wa mpira uliosokotwa, nacho kikakaa hewani dakika 63 na sekunde 54. Hakikuwa na injini, betri wala rimoti. Vindege vya aina hii ukiviachia mkononi, propela huzunguka taratibu mno, unaweza kuhesabu mizunguko yake kwa macho. Mtu akipita karibu kwa haraka, upepo wa mwili wake tu unatosha kukiyumbisha.

Kwa kindege kilichotengenezwa kwa kanuni za leo, rekodi ile haifikiki, na ubishi wa kama ibaki juu au ukurasa mpya ufunguliwe unaanzia hapo. Enzi zile, katika daraja la F1D, yaani la vindege hivi vya mpira vya ndani ya jengo, linalosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga (FAI), upana wa mabawa, ncha hadi ncha, uliruhusiwa kufika sentimita 65, na uzito wa chini ulikuwa gramu 1, sawa na noti ya dola moja. Baadaye mabawa yakapunguzwa hadi sentimita 55, kindege kikatakiwa kiwe na gramu 1.2, na mpira usizidi gramu 0.6. Kisha kamba ikakazwa tena: kindege gramu 1.4, mpira gramu 0.4. Mpira ndiyo mafuta ya chombo hiki. Ukiondoa theluthi ya mafuta na papo hapo ukaongeza mzigo, lazima kitue mapema.

Wapo wanaosema rekodi ya kweli ni moja tu: muda mrefu kuliko wote ambao mtu amewahi kuufikisha. Karatasi ya kanuni haiwezi kufuta dakika zilizokwisha kupita. Tena kila kanuni zikibadilika na ukurasa ukafunguliwa upya, wa kwanza kurusha anajiokotea rekodi bila kushindana na yeyote. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi.

Lakini tuangalie mkuki. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki aliutupa mita 104.80. Mkuki wa wanaume ukabadilishwa muundo mwaka 1986, na rekodi zikaanza kuhesabiwa upya. Julius Yego alipotupa mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015, sikumsikia mtu akimwambia kwamba yuko mita 12 nyuma ya Mjerumani. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Kijana anayekata balsa, mbao nyepesi ya kuundia vindege hivi, leo anastahili heshima hiyo hiyo. Dakika 63 zibaki kwenye historia kwa jina la aliyezipata, ila kijana huyo apimwe na wenzake wenye mpira wa gramu 0.4.

Kuna pia suala la puto. Kindege kikisogelea ukuta, mrushaji anaruhusiwa kuinua puto lenye uzi na kukisukuma kidogo kibadili njia. Wasiolipenda wanasema kindege huru kijitegemee. Mimi naliunga mkono, maana bila puto saa nzima ya kazi inaweza kuishia kwenye nguzo kwa sababu ya mkondo wa hewa tu. Sharti ni moja: kisukumwe pembeni, kisinyanyuliwe. Kwenye jaribio la rekodi ningetaka mshika saa mmoja awe na kazi ya kulitazama puto peke yake.

Jambo linaloniumiza kichwa kuliko yote ni paa. Mpira uliosokotwa una nguvu nyingi mwanzoni, kwa hiyo kindege hupanda, huelea, kisha huteremka pole pole. Paa likiwa refu, mteremko nao unarefuka. Ndiyo maana FAI imegawa rekodi kwa kimo: chini ya mita 8, mita 8 hadi 15, 15 hadi 30, na zaidi ya 30. Kimo chenyewe hupimwa pale juu kabisa ambapo duara la kipenyo cha mita 15 linaweza kuenea chini ya kenchi, ili kuba jembamba lisimpe mtu faida ya bure.

Bado anayerushia kwenye mita 14 yuko kundi moja na mwenye mita 9, na huo si mizani sawa. Wengine wanataka makundi yaongezwe. Nakataa, kwa sababu rekodi zikiwa nyingi mno hakuna atakayezikumbuka. Afadhali kimo halisi cha jengo kiandikwe kando ya kila rekodi, mita kwa mita, msomaji ajionee.

Majengo marefu yenyewe yanapungua. Moja ya mahanga (majengo makubwa ya kuhifadhia vyombo vya anga) mawili ya mbao ya Tustin, California, yaliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na kutumiwa pia na warushaji hawa, liliteketea kwa moto Novemba 2023. Ukumbi wa michezo wa chini ya mita 8, kwa upande mwingine, unapatikana katika miji mingi. Humo kazi ni kusokota mpira kwa kipimo ambacho kindege kitafika sentimita chache chini ya kenchi bila kuzigusa, na kikae huko huko. Rekodi ya kundi hilo la chini naiona ngumu sawa na ile ya mahanga, na ningependa itangazwe kwa sauti ile ile.