Matawi ya Januari 1971

Mwishoni mwa Julai 2023, siku chache baada ya wanajeshi wa Niger kumzuilia Rais Mohamed Bazoum katika makazi yake mjini Niamey, mpwa wangu aliingia sebuleni akiwa na simu mkononi na kutuonyesha video ya vijana waliojaa barabarani, wakiimba na kupeperusha bendera za Urusi. Alikuwa na furaha ya kweli, kana kwamba waliokombolewa ni ndugu zake. Baba mkubwa, ambaye alikwisha kuvuka miaka 80 na ambaye ujana wake wote aliutumia katika reli ya Afrika Mashariki, aliomba simu ile, akaisogeza karibu na macho, akaitazama video mpaka mwisho, kisha akairudisha bila kusema neno. Jioni, tulipobaki wawili, ndipo aliponiambia: "Na sisi tulikata matawi hivyo hivyo, mwanangu."

Alikuwa akisema habari za tarehe 25 Januari 1971. Wakati huo alikuwa akiishi Nsambya, hapa Kampala, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Anakumbuka milio ya risasi ya usiku, kisha redio iliyopiga muziki mtupu kwa saa nyingi, na alasiri sauti ya askari aliyesoma sababu 18 za jeshi kuiondoa serikali ya Rais wa Uganda, Milton Obote, ambaye alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Watu walitoka nje kushangilia. Aliyekuwa na baiskeli alifunga tawi kwenye usukani, na aliyekuwa na gari alilifunika majani hata kioo kikabaki tundu dogo la dereva kuchungulia. Baba mkubwa alipanda mwembe uliokuwa nyuma ya jiko na kukata tawi lenye maembe machanga, na mama mkubwa akamfokea kwa uharibifu huo. Hakumsikiliza. Alilibeba tawi lile mpaka mjini.

Nimeyatafakari matawi hayo kila ninaposoma habari za serikali za mrengo wa kushoto zilizoangushwa kwa mkono wa nje. Ninaamini kwamba shangwe za siku ya kwanza zimetumika mara nyingi mno kama cheti cha kuhalalisha jambo ambalo wananchi hawakuulizwa, na kwamba sisi Waganda tunapaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo, kwa kuwa tulizitoa shangwe hizo wenyewe na tukalipa gharama yake wenyewe.

Obote alikuwa ameigeuza nchi kuelekea kushoto. Mwaka 1969 alitoa Hati ya Mwananchi wa Kawaida, na tarehe 1 Mei 1970, katika Tamko la Nakivubo, alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za kampuni zaidi ya 80, zikiwemo benki na kampuni nyingine kubwa za Waingereza. Huko Singapore alikwenda kumpinga Waziri Mkuu Edward Heath kuhusu mpango wa Uingereza wa kuiuzia silaha Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Israeli nayo ilikuwa na hesabu zake: ilikuwa ikiwasaidia wapiganaji wa Anyanya wa Sudan Kusini kwa kupitia ardhi ya Uganda, na Obote alikuwa ameanza kusogea upande wa serikali ya Khartoum, waliyokuwa wakipigana nayo. Nyaraka za Uingereza zilizofunguliwa miaka 30 baadaye zinaonyesha kwamba balozi wake hapa Kampala alipotaka kujua kilichotokea alikwenda kwa Kanali Baruch Bar-Lev, mwakilishi wa kijeshi wa Israeli, aliyekuwa rafiki wa karibu wa Idi Amin, mkuu wa jeshi aliyeshika madaraka baada ya Obote. Uingereza ilimtambua Amin mapema mwezi Februari, na ilipofika Julai alikuwa London, akikaribishwa chakula na Malkia.

Hapa ninatofautiana na baadhi ya wenzangu wa mrengo wa kushoto, ambao hulisimulia jambo hili kana kwamba lote lilipikwa London na Tel Aviv. Obote ndiye aliyeisimamisha Katiba ya 1962. Ndiye aliyelituma jeshi kulishambulia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Lubiri mwezi Mei 1966, na kamanda wa kazi hiyo alikuwa Amin huyo huyo. Baada ya kupigwa risasi na kujeruhiwa pale Lugogo mwezi Desemba 1969, alivipiga marufuku vyama vya upinzani, na watu walikaa gerezani bila kufikishwa mahakamani. Bunge lililochaguliwa mwaka 1962 liliendelea kukaa bila uchaguzi mwingine. Kwa hiyo machozi ya furaha yaliyomwagika Buganda yalikuwa na sababu, wala sithubutu kumwambia mtu aliyeporwa mfalme wake kwamba alidanganywa na majasusi.

Lakini kama mtu atadhani kwamba kosa lilikuwa la Obote peke yake, kwamba wakubwa wa nje hukerwa na udikteta na si na sera, basi na atazame Chile. Salvador Allende alishinda uchaguzi mwezi Septemba 1970, akathibitishwa na bunge, na hakufunga chama chochote. Hata kabla hajaapishwa, Rais Nixon wa Marekani alimwagiza mkuu wa shirika la ujasusi la CIA, Richard Helms, kumzuia asishike madaraka, na katika maandishi aliyoyaandika Helms kwa mkono siku ya agizo hilo, 15 Septemba 1970, yamo maneno ya kutaka uchumi wa Chile ufanywe upige mayowe. Mwezi Oktoba mkuu wa jeshi, Jenerali René Schneider, aliyeshikilia kwamba jeshi halina haki ya kuingilia kura ya wananchi, alipigwa risasi katika jaribio la kumteka nyara, akafariki siku tatu baadaye. Mikopo ikakatwa. Fedha za CIA zikaingia katika vyama vya upinzani na katika gazeti la El Mercurio, jambo ambalo kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe ililiweka wazi mwaka 1975. Wenye malori wakagoma mwezi Oktoba 1972, na katika nchi ndefu na nyembamba kama ile, lori lisipotembea chakula hakifiki.

Ninalokaa nalo zaidi katika habari za Chile ni foleni. Akina mama walipanga foleni za mkate na mafuta ya kupikia, na kila saa waliyosimama ilikuwa hoja dhidi ya serikali. Serikali ya Allende ilikuwa na makosa yake ya kiuchumi, na mfumuko wa bei ulikuwa mkali mno, lakini hata katika taabu hiyo, kwenye uchaguzi wa bunge wa Machi 1973, muungano wake ulipata zaidi ya asilimia 43 ya kura, nyingi kuliko zile zilizomwingiza madarakani. Watu wa kawaida walikuwa bado wakijadiliana na serikali yao kwa njia ya sanduku la kura. Mjadala huo ulikatizwa tarehe 11 Septemba 1973 kwa ndege za kivita zilizolipiga mabomu jumba la rais la La Moneda, na hapo pia zilikuwapo nyumba zilizofungua mvinyo kusherehekea. Miaka 17 ya utawala wa Jenerali Augusto Pinochet, aliyempindua Allende, iliacha zaidi ya watu 3,000 wakiwa wameuawa au wasijulikane walipo.

Kwa jirani zetu wa Kongo sina haja ya kueleza mengi, maana habari hizo tumekua nazo. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliingia madarakani kwa uchaguzi wa Mei 1960, akauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na familia yake ilirudishiwa jino lake moja na Ubelgiji mwezi Juni 2022. Jino moja, baada ya miaka 61! Mobutu, aliyependwa na mataifa ya Magharibi, alitawala hadi 1997.

Turudi Kampala. Siku chache baada ya mapinduzi, Amin aliwafungulia wafungwa wa kisiasa 55, na miongoni mwao alikuwa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wetu wa kwanza. Shangwe ziliongezeka. Amin alimfanya Jaji Mkuu. Mwezi Septemba 1972 watu wenye silaha walimtoa Kiwanuka katika jengo la Mahakama Kuu mchana kweupe, na hakuonekana tena. Zile serikali zilizowahi kumtambua Amin hazikurudi kutuuliza kama tungependa kubadilisha mawazo.

Na hicho ndicho kinachoniuma. Mgeni anayesaidia kumwangusha mtawala, hata mtawala mbaya, huchukua kitu ambacho hakiandikwi katika hesabu zake, yaani nafasi ya wananchi kujifunza kumwondoa mtawala wao wenyewe. Kumwondoa mtu kwa kura ni kazi inayofundishwa na kurudiwa. Mnashindwa mara ya kwanza, mnapanga upya, mnazoea kwamba aliyeshindwa anakwenda nyumbani. Tangu tupate uhuru, Uganda haijawahi kumwona rais mmoja akimkabidhi mwingine madaraka kwa amani baada ya uchaguzi. Hata lugha hii ninayoiandika ililipa: Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini kwa majirani wengi wa Nsambya Kiswahili kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, na baba mkubwa, aliyekipenda tangu reli, alijizoeza kukinong'ona.

Mpwa wangu aliniuliza kama ninamtetea Bazoum au Ufaransa, iliyowahi kuitawala Niger. Nilimjibu kwamba Ufaransa ina mengi ya kujibu katika Sahel, na kwamba bendera ya mgeni mmoja ikishushwa na ya mwingine ikapandishwa, mpiga kura wa Niamey bado hajaulizwa. Nilimwomba aangalie ni nani anayekimbilia kuwatambua wenye bunduki, na baada ya siku ngapi. Hakuridhika, na sikutarajia aridhike kwa jioni moja.

Baba mkubwa alipiga kura yake ya kwanza Tororo, mwezi Aprili 1962, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi ya makaa. Kura yake ya pili aliipiga mwezi Desemba 1980. Nilipomuuliza alifanya nini na tawi lile la mwembe, aliniambia kwamba alilirudisha nyumbani likiwa limenyauka, na mama mkubwa akalitumia kama kuni.