Idi Amin: uongo wake na porojo zake

Mtaani hatuchanganyi mwongo na mpiga porojo. Mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, alilieleza jambo hilo mwaka 1986: mwongo anaujua ukweli, ndiyo maana anahangaika kuuficha, mpiga porojo hana habari nao kabisa. Kwake, huyu wa pili ndiye adui mkubwa zaidi wa ukweli.

Nikimpima Idi Amin kwa mizani hiyo, nasita.

Oktoba 1978 askari wake walivuka mpaka wakaingia Kagera, huku Redio Uganda ikitangaza kuwa Tanzania ndiyo iliyoanza kuvamia. Huo ni uongo hasa: una shabaha, una kazi, na aliyeutunga alijua vizuri ni vifaru vya nani vilivyovuka. Novemba 1 ikatangazwa kwamba eneo lote hadi mto Kagera sasa ni la Uganda, limetekwa kwa dakika 25. Dakika 25! Ni mdomo uleule uliojiita Mshindi wa Dola la Uingereza, ukamwita Nyerere ulingoni wamalize ugomvi kwa ngumi, Muhammad Ali awe refa, na Amin apigane mkono mmoja umefungwa. Hayo utayaitaje, kweli au uongo? Swali lenyewe halishiki.

Upande wa Frankfurt una hoja nzito. Uongo wa mpakani ulikanushika, kwa sababu kuna mahali pa kwenda kutazama. Porojo utaikanushaje? Ukiijibu, unaonekana wewe ndiye hujui utani. Dunia ilicheka miaka kadhaa huku watu wakipotea Kampala.

Hata hivyo, waliokimbia Kyaka, huko Kagera, wakaacha migomba na ng'ombe hawakukimbizwa na ndondi. Nyerere naye hakuhangaika na ulingo. Alijibu uvamizi, kwa hotuba ile ya kwamba uwezo wa kumpiga Amin, sababu na nia, vyote tunavyo, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Porojo aliweza kuipuuza. Uongo uliokuja na vifaru, hapana.

Ninapoachana na Frankfurt ni pale anapowafanya mwongo na mpiga porojo kuwa watu wawili. Kwa Amin porojo ilitembea mbele, uongo na uporaji vikafuata nyuma yake. Aliyebaki akizicheka zile dakika 25 alikuwa ameshalipita neno “limetekwa” bila kusimama.