Mbona siku hizi hatuwaiti watoto Siti?

Ingia sokoni Kuala Lumpur uite "Siti!" kwa sauti, uone watakavyogeuka. Ita hivyo hivyo Kariakoo: atageuka bibi mmoja wa makamo, akiwepo, na kondakta wa daladala atakayedhani unaulizia nafasi ya kukaa. Jina ni lile lile. Kule limejaa mpaka halimtofautishi mtu na mwenzake, huku kwetu linaondoka na wazee wetu mmoja mmoja, na wazazi wapya wanapita pembeni yake kwenda kutafuta Aaliyah na Nayla. Mimi naona tunaliacha kwa sababu nyepesi mno.

Asili yake ni Kiarabu. Sayyidati, yaani bibi wangu, bibi wa heshima, ukilisema kwa haraka ya mtaani linakuwa sitti. Wamisri mpaka leo humwita mwanamke mtu mzima sitt. Umm Kulthum, yule mwimbaji wao mkubwa, aliitwa as-Sitt, basi, na hakuna aliyeuliza sitt yupi. Wapalestina humwita bibi mzaa mama au mzaa baba sitti. Na kabla halijawa jina la mtoto wa jirani lilikuwa cheo: Khalifa al-Hakim wa Cairo alipotoweka mwaka 1021, aliyeshika hatamu za dola ya Wafatimi alikuwa dada yake, Sitt al-Mulk.

Cheo kugeuka jina si jambo geni pwani yetu. Mwana Khadija aliyetawala Pate, Mwana Kupona aliyemwachia binti yake utenzi: hiyo "Mwana" ya mbele ni heshima, kama kusema bibi mkubwa, na leo imegandana na majina ya kina Mwanaisha na Mwanajuma bila mtu kukumbuka ilianzia wapi. Mwinyi nalo lilikuwa cheo cha wakubwa wa miji. Rais wetu wa pili alikuwa Ali Hassan Mwinyi na mkewe tukamjua kama Mama Siti. Nyumba moja, vyeo viwili vya kale, na nchi nzima ikayasikia majina hayo kwenye taarifa ya habari kwa miaka kumi bila kushtuka.

Kwa Wamalei na Waindonesia jina lilipata bahati nyingine. Watu wa Hadhramaut, kule Yemen, walioingia Lamu, Unguja na Komoro kwa biashara na kwa elimu ya dini ndio wale wale waliofika Java na Malaya. Huko Siti hutangulizwa kwenye majina ya wanawake watukufu: Siti Hawa, Siti Maryam, Siti Khadijah. Kwa hiyo mtoto anapoitwa Siti Aisyah, anabeba heshima na jina kwa pamoja, halafu nyumbani na shuleni anaitwa Aisyah tu, maana Siti wako wengi. Siti Nurhaliza, mwimbaji wa Malaysia, ni mmoja kati yao. Dakta Siti Hasmah, mke wa Mahathir Mohamad aliyekuwa waziri mkuu wa Malaysia, ni mwingine. Wajava wana jambo lao tena: katika lugha yao ya adabu siti ni udongo, ndiyo maana wana sheikh maarufu wa kale, mwanamume kamili, aitwaye Siti Jenar. Hilo halihusiani na la kwetu, lakini nimelipenda.

Wakomoro, ndugu zetu wa karibu kabisa, hawajaliacha. Wao huandika kwa t mbili, Sitti, na mwaka 2019 Sitti Farouata Mhoudine alichaguliwa gavana wa Ngazidja. Bahari ni hiyo hiyo na dini ni hiyo hiyo, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba jina limezeeka.

Ila kwa Mswahili wa Unguja jina hili lina historia ambayo Mmalei hana, na hapa ndipo ninapowashangaa wenzangu. Mwaka 1880 kijijini Fumba alizaliwa mtoto wa kike, baba yake Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa bara waliojikuta kisiwani katika zama za utumwa. Mtoto akaitwa Mtumwa. Jina la kawaida tu wakati huo, na hadi leo Unguja kuna kina Mtumwa wenye heshima zao na viti vyao kwenye kamati. Akajifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa anabeba vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini, na sauti yake ya kunadi vyungu ikaanza kusifiwa kabla hajaimba wimbo wowote mbele ya watu. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Ali Muhsin, mpiga ala wa kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa, akamfundisha kuimba na muziki. Mwaka 1928 akapanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na kwa Kiswahili, wakati taarabu ya wakubwa ilikuwa bado ikiimbwa Kiarabu.

Huyo ndiye Siti binti Saad. Jina la Siti lilimjia ukubwani, katika safari hiyo ya kutoka shamba hadi mjini.

Fikiria mazingira yenyewe. Sheria iliacha kuutambua utumwa Unguja mwaka 1897, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Wanawake waliotoka utumwani wakaitupa kaniki, wakavaa kanga, wakajitanda kama waungwana, na wengi wakabadilisha majina. Katika nyumba za mjini bibi na mtumwa walikuwa watu wawili wanaotazamana: mmoja anatuma, mwingine anatumwa. Sasa mtu aliyezaliwa akiitwa Mtumwa anatembea Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, akiitwa Bibi, kwa Kiarabu, lugha ya wenye nyumba! Wapinzani wake hawakuvumilia. Walimtungia wimbo wa kumkejeli, wakimuuliza amekuwa mtu tangu lini, yeye aliyekuja mjini na kaniki, na kama si hiyo sauti angekula nini. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, mwenye hasara ni asiye na akili. Shaaban Robert aliyaona maisha hayo yanafaa kuandikiwa wasifu. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanza mwaka 1987, kilipotaka jina la jarida lake kikachagua Sauti ya Siti.

Alifariki mwaka 1950. Ukiondoa kitukuu chake Siti Muharam, ambaye naye ni mwimbaji, na Siti Amina wa bendi ya Siti and the Band, majina ya vijana wanaobeba Siti hadharani hayanijii haraka.

Sababu za kulikimbia nimezisikia nyingi, nyingine kwenye kundi la WhatsApp la familia yetu ambako kuna mimba inasubiriwa na kila mtu amekuwa mtaalamu wa majina. Ya kwanza ni utani wa daladala: mtoto ataambiwa "siti ya dirishani", na tangu enzi za korona za "level siti", abiria wasizidi viti, imekuwa mbaya zaidi. Kweli, ataambiwa. Lakini watoto wa shule wana kipaji cha kumtania hata anayeitwa Fatuma, na utani wa Siti utakwisha siku wataniaji watakapochoka, kama ulivyo utani wote. Ya pili, eti ni jina la bibi kizee. Zainabu nalo lilikuwa la bibi kizee, likageuzwa Zaynab kwa y, limerudi mjini linadunda.

Pingamizi moja tu ndilo ninaloliheshimu, nalo nimelisikia kwa watu wa elimu. Mtume alibadilisha majina yenye kujisifu. Mkewe Zainabu bint Jahsh aliitwa kwanza Barra, yaani mwema. Na wanazuoni wa kale walichukia majina kama Sitt an-Nas, bibi wa watu wote. Nakubali. Lakini Siti peke yake haimpandishi mtoto juu ya watu. Ile i ya mwisho ni "yangu". Anayemwita ndiye anayemheshimu, bibi wangu, na wa kwanza kumwita hivyo ni mama aliyemzaa. Kina mama wa pwani tayari huwaita watoto wao wa kike "mama" na "bibi" wakiwabembeleza, na sijamsikia shekhe aliyewakataza.

Kinachonichekesha ni kwamba watu wanaosema Siti ni cheo cha kizamani ndio wanaowaandikisha watoto kliniki majina ya Princess, Queen na Malkia. Hiki kizazi hakijachoka na vyeo hata kidogo, kimebadilisha duka tu. Shemeji yangu mwenyewe anamtaka Princess, na nilipomwambia kwamba Princess na Siti ni mtu na dada yake akajibu kwamba Princess linapendeza likiandikwa kwenye keki ya besidei. Siti lina herufi nne, shemeji. Linaenea kwenye keki ndogo, na mwokaji atakutoza kidogo.